Peterson Ngatia Mutahi, Aliyekaa na Korongo

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, chifu, majirani wa Gakindu, wenzake marehemu wa reli, na wageni wote mliotoka Kiganjo, Chaka, Nanyuki na mjini Nyeri, nawasalimu na kuwapa pole. Mimi ni Magdaline Wachuka, dada mdogo wa marehemu, na ndimi niliyepewa kazi ya kusoma historia yake, ingawa si wote waliofurahi nilipopewa. Katika kikao cha familia cha Alhamisi tulibishana juu ya sehemu moja tu, nayo ni ya ndoa, kwamba Waithira, ambaye ameketi hapa mbele, asomwe kuwa mke wa marehemu au asisomwe, na kama ni yeye atakayetia udongo wa kwanza kaburini au ni mtu mwingine wa ukoo. Wengine walisema sehemu hiyo niiruke kabisa, wengine wakasema niipitie haraka, kama mtu anayevuka matope. Nimewaambia nitasoma yote, mwanzo hadi mwisho, kisha tuone nani atabaki na swali, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Marehemu Peterson Ngatia Mutahi alizaliwa tarehe 20 Juni 1931 hapa hapa Gakindu, Mukurweini, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Mutahi na marehemu mama Wakonyo, na kwa kuwa alikuwa mvulana wa pili akapewa jina la babake mama, kama ilivyo kawaida yetu. Mama alikuwa akisema kwamba huo ulikuwa mwaka wa nzige, kila kitu cha kijani kikiwa kimeliwa na watu wakishinda wamekodoa macho angani, na kwamba huenda mtoto alijifunza kutazama juu tangu akiwa mgongoni. Kaka yetu mkubwa, Theuri, alitutangulia mwaka wa 1970, mimi nilizaliwa mwaka wa 1935, na tangu nilipojua kutembea kazi yangu ilikuwa kumtafuta Ngatia. Alikuwa akipewa mbuzi kuchunga, mbuzi wakapatikana ndani ya mahindi ya jirani, na mwenyewe akapatikana amelala kifudifudi chini ya mti wenye maua, akitazama wale ndege wadogo, chozi, wakifyonza maua hayo, na ni mpaka fimbo ya baba imfikie mgongoni ndipo akumbuke kwamba kuna mbuzi duniani.

Kuhusu elimu, marehemu alianza masomo Januari 1940 katika shule ya misheni iliyokuwa ng'ambo ya mto, akabatizwa jina la Peterson siku ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 1946, na akamaliza darasa la nane mwishoni mwa mwaka wa 1949, karo yake ikitokana na magome ya miti ya miwati ambayo baba alikuwa akiuza. Hakuwa wa kwanza darasani wala hakuwa wa mwisho, hakupigana na mtu, hakuimba kwaya, na miaka mingi baadaye nilipokutana na mwalimu wake mmoja pale Mukurweini nikamtajia jina, alifikiri sana, halafu akasema, yule mrefu wa kando ya dirisha. Basi huyo ndiye tunayemzika leo, yule mrefu wa kando ya dirisha.

Tarehe 5 Februari 1951 aliajiriwa na reli, akafunzwa Nairobi kazi ya ukarani wa stesheni, yaani kukata tikiti, kupokea mizigo na kupasha stesheni nyingine habari za magari ya moshi kwa simu, akafanya kazi Thika hadi mwaka wa 1956, akahamishiwa Karatina, na tarehe 1 Julai 1962 akapelekwa Kiganjo, ambako alibaki hadi ugonjwa ulipomstaafisha. Mwaka wa 1970 alipandishwa cheo ili aende Nakuru, akakikataa hicho cheo, na hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977 na reli ikagawanywa, wenzake wakihangaika kujua nani atapelekwa wapi, yeye aliomba jambo moja, kwamba aachwe Kiganjo. Wakubwa wake walidhani ana shamba huko, au duka la siri, au mwanamke. Alichokuwa nacho ni kinamasi upande wa Chaka, ambacho wala hakikuwa chake, chenye matete na maji ya kufika magotini, na kila alipotoka zamu alipanda baiskeli akaelekea huko.

Mambo ya kamera yalianza mwaka wa 1963, wakati wazungu wa mashamba ya Kieni walipokuwa wakiuza vitu vyao ili waondoke, na katika mnada mmoja bwana Abdulkadir Shee, mwenye studio ya picha mjini Nyeri, ambaye yuko nasi leo na tunamshukuru kwa kuja, alinunua sanduku zima la kamera, na moja kati yake akamwachia Ngatia kwa bei ya urafiki. Abdulkadir ndiye aliyemfundisha kuweka filamu bila kuichoma kwa mwanga, na kusubiri, na kutoharakisha kidole, akawa akimwoshea filamu zake miaka yote hiyo, akitumaini kwamba siku moja huyu mtu atapata akili apige picha za arusi kama wapiga picha wengine. Ngatia hakupiga arusi. Alipiga chozi na mdiria, alipiga pongo wanaotoka msituni alfajiri kunywa maji, na mbega wa Mlima Kenya na makoti yao meupe, na pimbi ambao sura zao, mimi nasema kweli, hazistahili filamu, na zaidi ya wote alipiga korongo, wale wakubwa wenye taji la dhahabu kichwani, ambao hutembea wawili wawili, dume na jike, mwaka hadi mwaka. Mama alipoletewa picha hizo hapa nyumbani alizipanga mezani zote, akazitazama, kisha akamwuliza, "Hata ndege iko na picha, na mimi mama yako sina?" Ngatia alicheka mpaka akatoa machozi, na Jumapili iliyofuata akampiga mama picha, akiwa amemkalisha kando sana ili na mti nyuma yake uonekane vizuri, kwa sababu kulikuwa na kiota.

Sasa nafika kwenye ndoa. Tarehe 16 Desemba 1961, katika kanisa letu hapa Gakindu, marehemu alifunga ndoa na Eunice Waithira, baada ya wazee wetu kwenda kwao, na wazee wao kuja kwetu, na mahari kutolewa kama inavyotakiwa. Waithira alikuwa fundi wa cherehani, mtu wa kuongea, mtu wa kucheka, na tuliposikia kwamba amekubali kuolewa na Ngatia ambaye maneno yake kwa siku yangeenea kijikoni, tulishukuru Mungu tukasema sasa nyumba hiyo itakuwa na sauti. Walikaa katika nyumba za reli pale Kiganjo, na tarehe 3 Septemba 1964 wakajaliwa binti yao wa pekee, Wakonyo, ambaye leo ni mwalimu huko Nanyuki, na ambaye ameomba nisome mimi kwa sababu yeye angelia.

Katika kinamasi kile marehemu alijenga kibanda cha magunia na matete karibu na pale korongo walipozoea kujenga kiota, kidogo kiasi kwamba mtu mzima alikaa humo magoti yakimgusa kidevu, na kwa kuwa lenzi yake haikuweza kufika mbali ilibidi ndege waje karibu, nao hawakuja. Walimwona akiingia, wakasimama ng'ambo ya maji wakingoja atoke, naye akangoja wao waje, na hivyo ndivyo wote walivyoshinda kwa miezi kadhaa. Halafu siku moja Waithira, akiwa amekasirika kwamba mumewe ametoka bila kunywa chai, alimfuata na chupa ya chai mpaka kibandani, akamgombeza ipasavyo, akageuka akaenda zake, na kabla hajafika barabarani korongo wote wawili wakawa wamerudi kwenye kiota, hatua chache kutoka kwa kamera. Ndege hajui kuhesabu watu, aliona mtu amekuja, akaona mtu ameondoka, akajua kibanda ni kitupu. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi ya Waithira, kila Jumamosi isiyokuwa ya zamu, kumsindikiza mume wake hadi kibandani, kumwacha humo, na kuondoka wazi wazi ili aonekane akiondoka, kisha jioni arudi kumchukua, kwa sababu korongo wakimwona mtu akichomoka kwenye kibanda walichodhani ni kitupu wanaweza kukitoroka kiota wasikirudie. Marehemu alikuwa mkali sana kwa jambo hilo, akisema, "Hii kazi iko na sheria yake, mwenye alinipeleka ndiye anakuja kunichukua."

Mkitaka kujua kwa nini Waithira aliifanya kazi hiyo vizuri kuliko mtu yeyote, ni kwamba aliweza kuondoka bila kutazama nyuma, na ninyi wa rika letu mnajua alijifunzia wapi. Wakati wa Hali ya Hatari, akiwa msichana, ndiye aliyekuwa akitumwa kupeleka chakula ukingoni mwa msitu, alikokuwa kakake na wapigania uhuru wenzake, anakiacha kwenye kichaka na kugeuka na kurudi kijijini kama mtu aliyekuwa akitafuta kuni, na kutazama nyuma kulikuwa ni kumwua. Kakake huyo hakurudi. Ndiyo maana mwaka wa 1966 mzee mmoja wa upande wa Chaka, alipomwona mwanamke akimwacha mtu kwenye matete na kuondoka bila kugeuza shingo, alishtuka akaenda kupiga ripoti, na askari wa doria wakaja wakamtoa Ngatia kwenye magunia, amelowa hadi kiunoni, wakamwuliza anamkimbia nani, naye akawaomba kwa heshima zote wazungumze polepole. Hadithi hiyo tuliicheka sana katika familia hii, tukaisimulia kila Krismasi, na sikumbuki Waithira akiicheka.

Ijumaa, tarehe 23 Mei 1975, mvua ndefu zikiwa zinaelekea kuisha, Waithira alimwambia mume wake jioni wakila kwamba kesho asiende, wakae tu nyumbani, yeye na yeye, bila sababu yoyote, hakuna mgeni, hakuna mgonjwa, wakae tu. Ngatia alimjibu kwamba kesho mayai yanaanguliwa. Basi Jumamosi asubuhi wakatoka pamoja kama kawaida, Waithira akamfikisha kibandani, akamwekea chupa ya chai miguuni, akaondoka, na korongo wakaja kama kawaida. Siku hiyo mayai yaliangulika kweli, na marehemu akapata picha aliyokuwa akiitafuta tangu aliponunua kamera, dume na jike wamesimama pande mbili za kiota wameinamisha vichwa, na katikati yao vifaranga viwili vya rangi ya mchanga. Jioni ikafika, Waithira hakuja. Giza likaingia, Ngatia bado yumo ndani, kwa sababu hangetoka mbele ya ndege wenye watoto wa siku moja, na alipotoka hatimaye na kukokota miguu iliyokufa ganzi hadi Kiganjo, alikuta sufuria zimeoshwa, kitanda kimetandikwa, ufunguo uko kwa jirani, na Waithira na Wakonyo wamepanda gari la mchana kwenda Nanyuki, kwa mama mkubwa wa Waithira, ambako walibaki.

Wengi wenu mnaifahamu picha hiyo bila kujua mnaifahamu. Abdulkadir alipoiosha aliipenda mno, akaikuza, akamwita mchoraji aichore kwenye pazia la studio yake, lile pazia la korongo wawili na maji ya buluu, na tangu mwaka wa 1976 watu wa Nyeri, Karatina, Othaya na Mukurweini wamekuwa wakisimamishwa mbele ya pazia hilo wakiwa na suti na shela, wakiambiwa washikane mikono na watabasamu. Hapa tulipo nikihesabu arusi zilizopigwa mbele ya korongo wa Ngatia nitachelewesha maziko. Yeye mwenyewe hakuitundika nyumbani kwake, na alipopita studio alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma.

Kwa miaka karibu kumi na mitatu baada ya hapo ndugu yangu aliishi peke yake, na sitaipamba miaka hiyo kwa sababu niliiona. Niliona sahani moja, kikombe kimoja, na kiti cha pili kikiwa na magazeti juu yake. Aliendelea kwenda kinamasini kila Jumamosi, akiingia kibandani mwenyewe, na ndege walimwona akiingia, wakabaki ng'ambo. Abdulkadir alijitolea kumsindikiza Jumapili chache, ila yeye mwenyewe atawaambia kwamba hawezi kutembea bila kuongea, na kila hatua kumi aligeuka kuuliza kama wameshakuja. Picha za marehemu ziko kwenye meza ile pale, mtaziona baadaye, na hakuna haja ya kusoma tarehe nyuma, kwa kuwa zile za kabla ya Mei 1975 ndege amejaa hadi unaona jicho lake, na zile za baadaye ni maji mengi, na matete mengi, na ndege mdogo sana kule mwisho.

Mtauliza kwa nini hakumfuata mke wake, maana mimi nilimwuliza, tena si mara moja na si kwa upole. Stesheni ilikuwa yake, tikiti za Nanyuki alikuwa akizikata kwa mkono wake, gari lilipita mbele ya dirisha lake, akalipungia bendera likaenda alikokuwa Waithira, na yeye akarudi kitini. Jibu lake lilikuwa lile lile, kwamba aliyempeleka ndiye angekuja kumchukua. Nilimwambia Waithira si korongo na nyumba si kibanda, nikamwambia huo ni ukaidi, akanitazama kwa yale macho yake ya kungoja, akanimiminia chai. Wakati wa likizo Wakonyo alikuja kumtembelea, akakaa naye wiki moja au mbili, na siku ya kurudi baba alimpandisha gari akamwambia amsalimie mama, na huko Nanyuki mama, kila mtoto alipofunga safari ya kuja, alimwambia amsalimie baba. Salamu zilifika kila mara, zikawa zinasafiri reli hiyo bila tikiti, na wenyewe hawakusafiri.

Afya ya marehemu ilianza kudhoofika mwaka wa 1984, kwanza miguu, ambayo ilikuwa imekaa majini kupita kiasi, halafu moyo, na tarehe 30 Juni 1985 akastaafu na kurudi hapa Gakindu, akakaa katika nyumba hii mnayoiona, ambapo mimi nilikuwa nikimletea chakula na kuzungumza peke yangu huku akila. Hakuweza tena kufika Chaka, akawa anatega kamera dirishani, akipiga ndege wa kwenye kahawa. Tarehe 27 Februari mwaka huu alizidiwa, tukampeleka hospitali mjini Nyeri, na daktari alipotuambia ukweli nilimpigia simu Wakonyo kule shuleni kwake, nikamwambia aje, na nikamwambia tena kwamba safari hii asibebe salamu.

Jumapili, tarehe 6 Machi, Waithira aliingia wadini. Ngatia alikuwa amelala, kwa hiyo Waithira alivuta kiti akakaa, wala hakumwamsha, na saa ya kuona wagonjwa ilipokwisha akatoka, na Jumatatu akarudi akakaa vile vile. Mchana tulikaa pamoja kwenye benchi la nje, na hapo ndipo nilipomwuliza mambo ambayo ukoo huu umekuwa ukiyajibu kwa niaba yake muda wote huu, naye akanijibu, na ameniruhusu nisome, "Wachuka, mimi nilichoka kuwa mtu wa kuondoka. Kila Jumamosi nilikuwa naenda tena msituni, naacha mtu kwa kichaka, na singeangalia nyuma. Na huyo mtu alikuwa anaweza kukaa na ndege siku mzima bila kukohoa, lakini mimi nikianza kuongea jioni, ati amesinzia. Hata siku moja hakuniambia nibaki." Nikamwuliza sasa mbona hakurudi, wala hakutuma mtu, akanishangaa kama aliyeulizwa kwa nini jua huchomoza, akasema, "Nilikuwa nangojea akuje na wazee. Si hiyo ndiyo desturi yetu? Bibi akienda, bwana anamfuata. Kila gari ikifika Nanyuki nilikuwa natoka nje naangalia."

Mmoja alikuwa akishika sheria ya kibanda, mwingine akishika desturi ya wazee, na kila mmoja alikuwa na haki, na kila mmoja alikuwa na gari moja tu la kupanda. Niliwakasirikia wote wawili, na hasira hiyo bado ninayo hapa ninaposoma, kwa sababu walipendana na sisi sote tulijua, na hakuna mzee hata mmoja wa ukoo huu, kati ya hawa waliokuwa na sauti kubwa Alhamisi, aliyewahi kupanda gari kwenda Nanyuki kuuliza.

Jumatatu hiyo jioni kengele ya wageni ililia, wengine wakaanza kutoka, na Waithira akasimama akachukua kitambaa chake. Ngatia akafungua macho. Sijui alikuwa macho tangu lini, maana ni mtu aliyeweza kukaa bila kutikisika, lakini alimtazama kwa muda, akatoa mkono chini ya blanketi, akamshika ukingo wa leso aliyojifunga, akamwambia, "Leo usiende." Muuguzi wa zamu alikuja kumtoa Waithira, akaona mkono ule, akamletea kiti chenye mgongo. Walizungumza, na sikusikia walichozungumza kwa sababu nilitoka, ila kupitia mlango nilimsikia Waithira akiongea, akaongea sana, na kila niliporudi kuchungulia marehemu alikuwa macho, hakusinzia. Jumanne, tarehe 8 Machi 1988, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndugu yangu alifariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, na Waithira alikuwa kitini pale pale.

Kwa hiyo wazee wangu, nawajibu kwa heshima. Mahari ya Waithira haikurudishwa, wala hakuna aliyeidai, ndoa haikuvunjwa kanisani wala kwa wazee, na marehemu hakuoa tena wala hakutafuta. Jana asubuhi tulipokuwa tukigawana kazi, nani ataenda kuutoa mwili, vijana walipofika chumba cha maiti waliambiwa kuna mama amekwisha kuja tangu alfajiri, amemvalisha bwana wake, amesimama mlangoni anangoja gari. Mke wa Peterson Ngatia ni huyu, nimesoma, na kama kuna mwenye swali aninong'oneze baadaye nikiwa nimeketi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na hasa yule muuguzi wa kiti, ambaye jina lake hatukulipata, na popote alipo Mungu amkumbuke. Tunawashukuru majirani wa Gakindu mliokesha nasi na kuleta kuni, unga na maziwa, wafanyakazi wa reli wa Karatina, Kiganjo na Naro Moru mliosimama kumbebea mwenzenu jeneza, bwana Abdulkadir Shee na ndugu zetu Waislamu wa mjini Nyeri waliofunga kazi zao kuja kutufariji, walimu wenzake Wakonyo, kanisa, na kila aliyetuma neno. Mtatusamehe ambao hatukuwataja, si dharau.

Na sasa, Waithira, mke wa ndugu yangu, ni wewe utakayetangulia kutia udongo, halafu Wakonyo, halafu sisi wengine. Ukimaliza usiende Nanyuki, hata gari likiwepo. Nyumba yake iko wazi, nimeifagia asubuhi, nimetoa magazeti kwenye kile kiti, na jioni watu wakishatawanyika nitakuja na chai unisimulie alichokuambia. Ngatia, mwana wa mama, pumzika kwa amani, umeshachukuliwa.